Sura ya Tano: Kufuli Jekundu la Emori

"Huingii."

Mlinzi alikuwa ameuziba mlango kwa upana wake wote, na upana wenyewe haukuwa wa kubeza. Inspekta Sanjeshni Lal alimwonyesha kitambulisho cha ofisi ya usalama kazini. Mlinzi akakisoma, akamrudishia kwa mikono miwili, kisha akatazama chini.

"Kitambulisho hakina kasoro. Kasoro iko kwenye viatu."

"Hivi ni viatu vya kazi."

"Vya kazi ya kukaa, dada. Humu ndani kitu kikikuangukia kidoleni, kidole hicho unakiaga." Akamvutia benchi. "Kaa. Unavaa namba ngapi?"

Sanjeshni akakaa. Amri ile ilimpendeza. Tangu Suva mpaka Lautoka, walinzi wengi wakiona nembo ya serikali hufungua mlango mpaka bawaba zikalia. Huyu, ambaye beji yake ilisema Kaliova, alikuwa akimchagulia buti za mpira kama mama anayemvisha mtoto siku ya kwanza ya chekechea. Nyuma yake ukutani palikuwa na ubao wa misumari, na kila msumari ulibeba kufuli jekundu lenye jina la mwenyewe, ufunguo ukiwa tunduni. Msumari mmoja ulikuwa mtupu.

"Lililokosekana ni la nani?"

"La Emori," Kaliova alisema, uso ukamshuka. "Ndilo lililokuleta."

Kabla hajaendelea, mlango wa ofisi ukafunguka, na harufu ya biskuti zilizotoka motoni ikatangulia mtu. Alikuwa Jonetani Vuluma, meneja wa kiwanda cha biskuti cha Drodrolagi, mwanamume mrefu mwenye kicheko kinachoanzia tumboni. Alivaa shati la maua, sulu ya kijivu, ile sketi ya wanaume, yenye mifuko, na ndala za ngozi. Mkononi alishika sinia la biskuti zilizovunjika.

"Bula, Inspekta! Umekula? Hujala. Chukua. Zilizovunjika ndizo tamu, zilizo nzima zina maringo."

Akamwachia vipande viwili, akapita katikati yao, vidole kumi vya miguu vikiwa nje, akaingia kiwandani akimwita kila mtu kwa jina. Sanjeshni alivitazama vile vidole mpaka vikapotea. Kisha akamtazama Kaliova.

Kaliova aliinua macho kwenye paa.

"Mvua inakuja," alisema.

Hapa Nausori hakuna mtu aliyewahi kuhitaji kutabiriwa mvua.

*

Jonetani alimngoja upande wa pili, akitembea naye taratibu kwa sababu ya buti zake kubwa.

"Nimerudi asubuhi hii kutoka Labasa," alieleza. "Niliondoka Ijumaa mchana kwenda kwa muuza ngano. Msimamizi wangu, Kamlesh, akanipigia simu nikiwa uwanja wa ndege. Emori alikuwa ndani ya mashine anasafisha, kufuli limefungwa vizuri, Vasiti, mwendesha mashine, akalipuuza, akawasha. Mungu ni mwema, kijana alitoka na mguu ulioteguka tu. Lakini sina njia, Inspekta. Zamu ikiisha tunakaa ukumbini, nami itabidi nimwachishe kazi yule binti mbele ya wenzake. Ana mtoto mchanga. Roho inaniuma. Ila siwezi kuchezea uhai wa watu."

"Zamu ikiisha," Sanjeshni alirudia. "Basi nipe mpaka zamu iishe. Na usimwambie lolote kabla yangu."

"Kama ulivyosema," Jonetani alijibu, akaenda kumuuliza mama mmoja kwenye meza za kufungasha kama jino lake limepoa.

Mashine yenyewe wafanyakazi waliiita Tumbo. Ilikuwa bakuli la chuma la kukandia unga, kubwa kiasi cha mtu kusimama ndani mpaka kiunoni, na mikono miwili ya chuma iliyopinda kama pembe. Pembeni, ukutani, ilikuwepo swichi yake ya wenzo: ukiushusha, Tumbo limelala, ukiupandisha, Tumbo limeamka. Anayeingia kusafisha huubana wenzo ukiwa chini kwa kufuli lake, ili mtu asiwashe. Kamlesh, msimamizi, alisimama karibu nayo akifuta miwani ambayo tayari ilikuwa safi.

"Niambie ulivyoona, kaka Kamlesh."

"Kufuli lilikuwa hapa." Akagusa tundu la wenzo. "Limefungwa. Vasiti akawasha."

"Akawasha namna gani?"

"Kwa... kwa mkono. Akapandisha wenzo."

Sanjeshni alitoa kufuli lake mwenyewe mkobani, akalipitisha tunduni, akalibana. *Klik.* "Pandisha."

"Inspekta, mimi..."

"Pandisha tu. Umeme nimeshamwomba fundi aukate kwenye swichi kuu."

Kamlesh alivuta. Wenzo ukakataa. Akavuta kwa mikono miwili, akatia na bega. Kina mama wa meza za kufungasha wakaacha kazi kumtazama.

"Sukuma, bwana harusi!" mmoja akapaza sauti, na wote wakaangua kicheko.

"Kufuli likiwapo, hata ndovu hapandishi," Sanjeshni alisema kwa upole. "Kwa hiyo halikuwapo. Sasa mambo ni mawili. Ama halikufungwa, ama liliondolewa. Lenyewe liko wapi?"

"Limepotea."

"Kufuli zima limepotea, na hakuna aliyelitafuta?" Kamlesh alirudi kwenye miwani yake. "Nani alipita hapa kabla mashine haijawashwa?"

"Hapakupita mtu."

Jibu lilikuja upesi mno. Sanjeshni akawageukia kina mama na kuwauliza hilo hilo. Wao waliokuwa wakimcheka Kamlesh kwa vinywa vipana wakawa na shughuli nyingi ghafla.

"Hapakupita mtu," alisema wa kwanza.

"Mtu? Hapakupita," alisema wa pili.

*

Emori alikuwa kantini, mguu wake uliofungwa bendeji ukiwa juu ya kiti, akila muhogo na samaki wa nazi. Alikuwa kijana mwenye mabega ya mcheza raga na sauti ya mwimba kwaya. Chini ya kiti palikuwa na buti moja la mpira lililopindwapindwa kama kitambaa cha kudekia.

"Hicho ndicho Tumbo lilichokula," alisema. "Nimekatazwa kulitupa. Ushahidi."

"Ulifunga kufuli, Emori?"

"Nilifunga."

"Ukalibana likalia *klik*?"

Emori alitafuna polepole. Samaki yule alikuwa laini, hakuhitaji kutafunwa vile.

"Nililitundika," alisema mwishowe. "Nikakumbuka sijachukua brashi. Nikaenda stoo. Nilidhani nalibana nikirudi."

"Na ufunguo?"

"Ndani yake."

"Uliporudi?"

"Nilipandia upande wa pili, wa ngazi. Sikulitazama tena." Akaweka uma chini. "Inspekta, nisikilize. Vasiti anapiga kengele kabla ya kuwasha. Wengine hawapigi, wanasema inaumiza masikio. Yeye anapiga. Nilipoisikia nikaruka. Buti likabaki, mimi nikatoka. Asingepiga kengele, leo kwetu Kadavu wangekuwa wanapika chakula cha matanga. Msimfukuze aliyeniokoa."

"Nani angechukua kufuli lako?"

Kijana akacheka mara ya kwanza. "Ukiuliza nani anachukua vitu vyangu, jibu ni moja. Mtani wangu pale mlangoni. Yule mtu wa Lau. Kofia yangu, mwavuli wangu, hata mkate wangu wenye siagi. Na siwezi kumfanya kitu! Ndiyo utani wetu. Watu wa kisiwa cha Kadavu na watu wa visiwa vya Lau tunaitana *naita*, yaani watani. Cha mtani hakiombwi, kinachukuliwa."

Sanjeshni alirudi mlangoni kwa hatua nzito za buti kubwa. Kaliova alikuwa zamu, kabati lake dogo la chuma likiwa nyuma yake.

"Fungua kabati."

"Dada..."

"Sasa nimekuwa Inspekta. Fungua."

Ndani mlikuwa na mwavuli, kofia ya raga ya rangi ya samawati, soksi moja, na mkebe wa chakula ulioandikwa EMORI. Sanjeshni aliufunua. Mifupa ya samaki.

"Nakiri," Kaliova alisema, mkono kifuani. "Ijumaa nilimla samaki wake. Mama yake anapika kwa nazi nzito, nami ni binadamu. Mwavuli nakiri. Kofia nakiri. Lakini kufuli? Inspekta, mimi natania na tumbo la mtu. Na uhai wake sitanii. Kufuli ni mwiko kwangu, kama ilivyo mwiko kwetu kumpitishia mtu mkono juu ya kichwa."

"Wewe ni wa Lau. Unachukua vitu vya Emori. Ubao wa makufuli uko mgongoni pako."

"Hayo yote ni kweli. Ila Ijumaa saa ile nilikuwa getini napokea lori la sukari, dereva atakwambia. Na si mimi peke yangu wa Lau hapa."

"Nani mwingine?"

Kaliova akafunga mdomo kama mtu aliyejiuma ulimi.

"Nani alipita mlango huu, kabla ya lori?"

"Hapakupita mtu."

*

Vasiti alipatikana nyuma ya stoo ya maboksi. Mama yake alikuwa amemletea mtoto anyonye, kama kila siku saa ya chakula cha mchana, na mtoto alikuwa na shughuli yake, mkono mmoja umeshika kola ya mamake. Sanjeshni aliketi juu ya boksi, akasubiri upande wa kwanza uishe.

"Uliza tu, Inspekta," Vasiti alisema kwa sauti ndogo. "Huyu hasikii. Akinyonya ni kama anafanya mtihani."

"Anaitwa nani?"

"Taraivini. Meno mawili. Jana ameniuma." Akajaribu kucheka, machozi yakamlengalenga. "Nikifukuzwa na kiwanda hiki kwa kumponza mtu, nani mwingine ataniajiri? Watasema huyu ndiye aliyewasha mashine mtu akiwa ndani. Nitalibeba neno hilo mpaka huyu aolewe."

"Kulikuwa na kufuli?"

"Hakuna. Naapa juu ya utosi wake. Nilitazama, tundu tupu. Nikapiga kengele, nikapandisha. Nikasikia Emori analia, nikashusha palepale."

"Kabla ya hapo ulikuwa wapi?"

Vasiti alimgeuzia mtoto upande wa pili. "Chumba cha kina mama. Maziwa yalikuwa yamejaa, yanauma. Nilikwenda kukamua. Kamlesh alinipa ruhusa."

"Kwa hiyo hukumwona Emori akitundika kufuli. Wala hukuona nani alipita."

"Sikuona. Nilirudi nikakuta biskuti zangu, nikala, nikaanza kazi."

Sanjeshni hakuinua kichwa. Alimpa mtoto kidole chake, mtoto akakishika.

"Biskuti zipi?"

"Zilizovunjika. Bosi huniwekea vipande juu ya paneli ya swichi kila asubuhi. Anasema mama anyonyeshaye anakula kwa watu wawili. Hata nisipokuwepo huacha." Vasiti akatabasamu. "Bosi wetu ni mzazi kabisa. Hana makuu. Katoka Lau bila viatu, husema mwenyewe, na bado hapendi viatu."

Mvua ilianza kupiga mabati. Sanjeshni aliusikiliza mlio wake kwa muda. Kina mama wa meza za kufungasha, Kamlesh, Kaliova: wote walisema hapakupita mtu. Hakuna aliyeuliza, "Mtu wa namna gani?" Hakuna aliyekuna kichwa akijaribu kukumbuka. Mtu mwenye sinia la biskuti, anayeita kila mmoja kwa jina, alikuwa amepita katikati ya kiwanda kizima na hakuna jicho lililomwona.

"Mwache amalize chakula chake," alisema akisimama. "Kisha uje ukumbini. Uje naye."

Ukumbi ulikuwa chumba kirefu chenye mikeka, nyuma ya ofisi. Kaliova alimfungulia. Ukutani kulikuwa na kabati la mbao.

"Humo hukaa nini?"

"Tanoa. Bakuli letu la kava, kinywaji chetu cha mizizi. Ijumaa jioni huwa tunakunywa wote, ila Ijumaa hii tulikuwa hospitali na Emori. Halijaguswa."

Sanjeshni akasogea. Vishikio viwili vya kabati vilikuwa vimebanwa pamoja kwa kufuli jekundu. Juu yake, kwa rangi nyeupe: EMORI.

Hakuligusa. Alimgeukia mlinzi.

"Nani alilifunga hapa, kaka Kaliova?"

Jitu lile likatazama paa.

"Mvua inakuja," lilisema kwa unyonge.

"Imeshakuja," Sanjeshni alijibu. "Sikiliza. Zamu ikiisha, bosi atakutuma ulete tanoa. Sema ukweli mmoja tu: kwamba kabati limefungwa. Ukweli huo hautakuunguza ulimi."

"Kwa nini usiseme wewe? Wewe ni serikali."

"Nikisema mimi, mtaambiwa na serikali. Kesho serikali haipo, na ninyi mtarudi kutazama paa."

*

Zamu iliisha, mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine. Watu waliingia ukumbini wakiinama kwa adabu, wakakaa kwenye mikeka. Jonetani alikaa mbele, mahali pa mkubwa. Kamlesh alikaa ubavuni pake akitazama magoti. Emori alinyoosha mguu wake wenye bendeji. Vasiti alikaa karibu na mlango, mtoto amelala begani, kama mtu anayejua atatoka kabla ya wengine.

"Tutaanza na kava," Jonetani alisema, na safari hii kicheko hakikuwemo. "Neno zito halisemwi midomo mikavu. Kaliova, leta tanoa."

Kaliova hakuinuka.

"Kabati limefungwa, bosi."

"Limefungwa?" Jonetani alikunja uso, kisha uso ukakunjuka wote kwa pamoja. "Aaa! Hata nilisahau!" Akapapasa mfuko wa sulu, akatoa ufunguo mdogo, akauning'iniza hewani. "Emori! Mtani! Siku zote hizi hukulitafuta kufuli lako? Niliwaza nitakuja kumkuta mtu wa Kadavu amepiga magoti hapa na mzizi wa kava wa kukomboa mali yake. Ninyi watu wa Kadavu, mnaacha vitu ovyo kama nazi zilizodondoka. Nililikuta linaning'inia na ufunguo wake, mwenyewe hayupo, nikasema huyu leo..."

Alicheka peke yake. Kicheko kilizunguka chumba kikarudi kimepoa.

"Bwana Jonetani," Sanjeshni aliuliza kutoka mkekani, "ulilikuta linaning'inia wapi?"

"Kwenye swichi ya..."

Mkono wenye ufunguo ukabaki hewani. Alitazama bendeji ya Emori. Akamtazama Vasiti, na mtoto begani. Mvua ilijaza chumba.

"Kamlesh," alisema taratibu. "Uliniambia kufuli lilikuwapo. Limefungwa."

"Ndiyo, bosi."

"Ulijua halikuwapo?"

"Nilikuona ukilitia mfukoni." Sauti ya Kamlesh ilikuwa karibu kupotea. "Sote tulikuona. Ulikuwa unacheka."

"Na hukunizuia?"

"Angekuwa mtu mwingine ningempigia kelele zikasikika Suva. Lakini wewe... Ulilipa matibabu ya baba yangu, bosi. Ningekuambia nini? Rudisha? Halafu Emori akaumia, nikasema Mungu wangu, wamfunge nani sasa. Nikamwona Vasiti ni kijana, atapata kazi kwingine."

"Kwingine wapi, kaka?" Vasiti alisema. Hakupaza sauti, mtoto alikuwa amelala. "Uliniona mimi ndiye mwepesi wa kutupwa."

Kamlesh alifunika uso kwa viganja. "Nisamehe, dada yangu."

Jonetani alisimama. Watu walidhani anatoka. Badala yake alipita katikati yao ameinama, akaenda mpaka mwisho wa mkeka, kwenye kizingiti, mahali wanapokaa wanaochelewa, akakaa chini ya wote. Kaliova alikuwa ameshamletea mzizi wa kava bila kuambiwa. Jonetani akaushika kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Emori. Vasiti. Nimekuja kwenu na kosa. Nililichukua kufuli linalolinda uhai wa mtu nikalifanya mchezo. Sikuuliza mwenyewe yuko wapi. Nikapanda ndege nikiwa nacheka. Halafu nimerudi tayari kumfukuza mama wa mtoto kwa kosa langu. Vasiti, hakuna mtu anayekufukuza. Kengele yako ndiyo iliyoniokoa mimi pia, maana ningekuwa muuaji mwenye sinia la biskuti." "Kumbe mtu anaweza kuwatisha watu kwa wema. Nimewalisha mpaka mkashindwa kunikataza."

Kwa desturi, mzizi usipopokelewa, kosa linabaki. Vasiti alimtazama Emori. Emori alinyoosha mkono, akauchukua, akaupima kwenye kiganja, akaunusa.

"Huu ni wa Lau?" aliuliza.

"Wa shambani kwetu," Jonetani alijibu, kichwa bado chini.

"Nilijua. Huu si mzizi, ni kijiti cha kuchokolea meno. Kwetu Kadavu tunawapa kuku." Akageuka kwa Vasiti. "Tunapokea, dada?"

"Tunapokea," Vasiti alisema, na machozi aliyoyazuia tangu Ijumaa yakamtoka sambamba na kicheko.

Basi chumba kizima kikacheka, viganja vikapigwa, na mtoto akaamka akaanza kulia kuuliza kulikoni.

"Mimi nami nina langu," Emori aliongeza kelele zilipotulia. "Nililitundika bila kulibana. Mtani wangu asingeweza kuchukua kilichobanwa. Kuanzia kesho, brashi kwanza, kufuli baadaye."

Sanjeshni alisubiri mpaka tanoa likatolewa na kikombe cha kwanza kikanywewa. Kisha akasema yake.

"Adhabu ya ofisi yangu itakuja, Bwana Jonetani, nayo haina utani. Tumbo halitawashwa mpaka nirudi kulikagua, na wewe utakaa darasa lile lile la usalama wanalokaa wasafishaji. Lakini haya ya karatasi ni mepesi. Mlikuwa na makufuli mazuri, ubao mzuri, mlinzi asiyeogopa serikali. Mlikosa kitu kimoja. Kila mtu hapa anaweza kumzuia kila mtu, isipokuwa mmoja. Na ajali iliingia kwa mlango wa huyo mmoja."

Jonetani aliinuka kabla hajajibu. "Zamu ya jioni iko mlangoni sasa hivi, hawajui lolote. Sitaki wasikie kwa Kamlesh wala kwa mtu yeyote. Nitawaambia mwenyewe, pale pale kwenye swichi. Twendeni."

Akatoka kwa hatua zake ndefu, kundi zima nyuma yake, Emori akichechemea na lile buti la ushahidi kwapani, Vasiti na mtoto wakiishia kwenye benchi. Kaliova alikuwa amewatangulia kushika zamu yake. Jonetani alifika kwenye mlango wa kiwandani na mkono umeshaelekea kwenye komeo.

Kaliova alitazama chini. Vidole kumi, ndala za ngozi.

Akatazama paa. Mdomo ukafunguka. Wote nyuma wakangoja habari za mvua.

"Hu..." alianza. Akajaza mlango kwa upana wake wote.

"Huingii."

Mtoto Taraivini naye aliacha kunung'unika. Jonetani alitazama ndala zake kana kwamba ameziona leo. Kisha akarudi nyuma, akakaa kwenye benchi kando ya Vasiti, akavua ndala, akaziweka pembeni.

"Namba kumi na mbili," alisema. "Kama zipo."

"Moja ipo!" Emori alipaza sauti, akiinua lile buti lililotafunwa na Tumbo. "Imekandwa vizuri, bosi, bado kuokwa!"

Walicheka mpaka Kamlesh akalazimika kuvua miwani. Kaliova hakucheka, alikuwa kazini. Alichagua jozi kubwa kuliko zote, akapiga magoti, akamsaidia mkubwa wake kuvuta moja, kisha ya pili, akazikagua vidoleni kwa dole gumba.

Ndipo alipofungua mlango.

"Karibu kazini, bosi."